Likiuliza, Bonyeza Ruhusu

Sehemu ya saba

Ile namba aliyoiona Mama Nywila, fundi wa kompyuta wa hospitali, juma lililopita, iliyowafanya baadhi yenu mligeuze gazeti mbele na nyuma mkidhani mchapaji amemeza ukurasa, ilikuwa kumi na moja.

Kumi na moja ni kompyuta ya shangazi yake.

Akaisoma tena kwenye karatasi ya seva, juu kabisa ya orodha ya kompyuta zilizoambukizwa. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye chumba cha seva, mgongo umeegemea kabati la nyaya, viatu amevivua. Saa tatu na nusu asubuhi, Jumatatu. Tangu Alhamisi alikuwa amelala kwa vipande vipande, na macho yalikuwa yanamwasha. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na kompyuta, ila ndugu walikuwa nao.

Kwa aliyekosa magazeti yaliyopita, jambo lenyewe si refu. Barua za hospitali hii zilianza kutoka zenyewe. Inakuja barua pepe yenye kichwa cha habari kimoja tu siku zote: Majibu ya barua yako. Na nani kati yetu hana barua anayoisubiria majibu? Ndani yake kuna fomu, na ndani ya fomu kuna programu imejibanza. Ukiifungua, dirisha dogo la njano linakuuliza kama unaruhusu programu zilizomo. Ukibonyeza Ruhusu, umekwisha. Programu inaamka, inaingia kwenye sanduku lako, inachota barua yoyote inayoikuta humo na kuituma kwa kila anwani unayoijua, kwa jina lako, na fomu nyingine imeambatishwa. Anayeipokea anaona jina la mtu anayemwamini. Naye anafungua.

Hivyo ndivyo barua ya daktari ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, iliyosema kwamba hatapata kubeba mimba, ilivyowafikia watu mia tatu na kumi, mkuu wake wa shule akiwemo. Mwalimu huyo alikuja Ijumaa akakaa kwenye benchi la mapokezi kutwa nzima bila kusema na mtu. Mama Nywila alimpita mara nne. Mara ya tano akazungukia mlango wa jikoni.

Sasa Mkaguzi wa makao makuu alikuwa njiani, na alichotaka ni jina moja. Aliyeruhusu kwanza angefukuzwa leo hii, bila kuagwa, na jina lake kubandikwa kwenye mbao za matangazo za hospitali zote tisa.

Shangazi alikuwa amebakiza siku kumi na tisa astaafu. Miaka thelathini na miwili, na hajawahi kuandikiwa barua ya onyo.

Mama Nywila akavaa viatu. Kimoja kilikataa, akakikanyaga kisigino akaenda nacho hivyo hivyo.

*

Shangazi huyo ndiye aliyemlea tangu darasa la tatu. Hospitali nzima inamwita Bi Mhazili, na ofisi yake iko mbele ya ofisi ya Mkurugenzi, mlango kwa mlango. Ina printa mbili na rafu tatu za majalada mekundu yenye kamba.

Majalada hayo ndiyo kiini cha balaa letu. Mkurugenzi hasomi barua kwenye kioo. Siku kompyuta zilipoletwa alisema kwamba barua ni karatasi, na tangu hapo akaitwa Mzee Karatasi, kisogoni na mara nyingine usoni. Kila barua pepe inayomjia, Bi Mhazili huifungua, huichapa pamoja na kiambatisho chake, huipa namba kwa mkono, huifunga kwenye jalada na kuipeleka ndani. Mzee huandika jibu pembeni kwa kalamu. Bi Mhazili hulichapa na kulituma. Hata matangazo ya magodoro yamepita kwenye majalada hayo, na Mzee ameyajibu kwa adabu zote.

Kazi yake, basi, ni kufungua kila kitu. Hana nafasi ya kusema hii naitilia shaka. Asipobonyeza Ruhusu, ukurasa hutoka mweupe, na Mzee huurudisha ameandika neno moja juu yake: Tupu.

Mama Nywila akaiweka karatasi ya seva mezani. "Kumi na moja, shangazi."

Shangazi hakuiangalia. Alikuwa anachonga penseli. Akasema anajua, amejua tangu Alhamisi asubuhi, printa ilipoanza kutoa karatasi nyeupe na simu zikaanza kulia. Kisha akamwuliza kama amekula.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenificha. Halafu ungefukuzwa wewe kwa kuficha." Akapuliza vumbi la penseli. "Nimeshaandika barua ya kukiri. Iko kwenye jalada la leo. Mzee anaanza kusoma saa nne."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Mama Nywila akakaa juu ya boksi la karatasi. Alitaka kulia akakuta hata nguvu ya kulia hana. Akauliza kwa sauti ndogo hiyo fomu ilitoka kwa nani, maana lazima kulikuwa na jina aliloliamini. Shangazi akajibu kwamba hakumbuki.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Shangazi hasahau. Anajua tarehe ya harusi ya kila nesi, na ya talaka kama ipo. Mama Nywila akanyanyuka, akavuta jalada la Alhamisi kwenye rafu, akapekua. Karatasi ya nne, ya tano, ya sita. Ya nane.

"Ya saba iko wapi?"

Shangazi akautazama mkoba wake mwenyewe, akajifichua bila kutaka.

"Kaa chini, mwanangu," akasema.

Karatasi ya saba ilikuwa imekunjwa mara nne chini ya kanga na miwani ya kusomea. Mama Nywila akaikunjua. Kichwa cha habari, Majibu ya barua yako. Imetumwa Jumatano, saa kumi na dakika tano alasiri. Chini yake, barua ambayo programu iliichota kwenye sanduku la mtumaji: ombi la likizo, la tatu mwaka huu, lenye sentensi isemayo kwamba mwombaji hajapumzika tangu mwaka juzi na anaanza kusahau majina ya watu.

Jina la mtumaji lilikuwa lake.

*

Msomaji, Mama Nywila hakupewa jina hilo bure. Ndiye anayewafokea madaktari kwa kuandika nywila zao kwenye viganja. Ndiye aliyebandika kwenye kila ukuta, hadi chooni, tangazo lisemalo usiruhusu usichokijua. Sasa alikuwa ameketi juu ya boksi la karatasi anaikumbuka Jumatano.

Saa kumi kasoro. Kichwa kinagonga. Ujumbe ukaingia kutoka kwa Mkurugenzi: Majibu ya barua yako. Akajua ni likizo. Ingekuwa nini kingine? Dirisha la njano likauliza, naye, mwenye matangazo, akabonyeza. Ukurasa ukafunguka mweupe. Alikumbuka hata alichowaza: hata likizo yangu imekuja tupu. Akafunga, akaenda wodi ya wazazi kutengeneza kibodi iliyomwagikiwa uji.

Na seva haikumwandika kwa sababu yeye mwenyewe aliitoa kompyuta yake kwenye orodha ya zinazokaguliwa. Ukaguzi ulikuwa unamchelewesha kazi. Mganga hajigangi.

"Kumbe ni mimi niliyekuambukiza wewe," akasema.

"Mimi nina siku kumi na tisa," shangazi akajibu. "Wewe una miaka ishirini mbele yako. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta."

"Na jina lako likibandikwa ukutani hospitali tisa?"

Penseli ikamwanguka shangazi. Hilo ndilo lililomtia uchungu, Mama Nywila akaliona. Lile jina. Mama huyu aliwahi kurudi ofisini kwa miguu, mvua inanyesha, ili tu kurudisha kalamu ya serikali aliyoondoka nayo sikioni.

Saa nne ikagonga. Mama Nywila akasukuma mlango wa Mkurugenzi bila kubisha.

*

Mzee Karatasi alikuwa ameshaifungua. Barua ya kukiri ilikuwa mbele yake, imechapwa vizuri, pambizo sawa kabisa. Alikuwa ameivua miwani na kujifinya pua. Naye alionekana mtu ambaye hajalala.

Mama Nywila akamwambia yote akiwa amesimama, haraka, kama anayeogopa kwamba akipumua atabadili nia. Kwamba Bi Mhazili alifungua kwa sababu aliona jina la mtoto wake. Kwamba aliyetangulia kuruhusu ni yeye, fundi.

"Lete maandishi," Mzee akasema.

Ndivyo alivyo. Mtu akimwambia jengo linawaka, atataka liandikwe. Mama Nywila akachukua kalamu ya Mzee mwenyewe, akageuza karatasi ya saba, akaandika nyuma yake mistari mitano na kutia sahihi. Mzee akasoma taratibu. Kwenye mstari wa tatu kidole chake kikasimama. Mstari huo ulisema kwamba fomu ilitoka kwenye anwani ya Mkurugenzi.

"Mimi sigusi hivyo vidude," akasema.

Kweli tupu, na ndiyo iliyotisha. Nywila ya sanduku la Mkurugenzi ilijulikana na mtu mmoja tu. Mama Nywila akageuka, na shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni, uso umempauka. Kama si fundi, basi tunarudi kumi na moja. Kila njia ilikuwa inarudi kwenye meza ile ile.

Lakini shangazi akatikisa kichwa. Akaeleza, polepole, kwamba Jumatano hakuwapo kazini. Alikuwa kliniki ya macho tangu asubuhi, ofisi aliifunga kwa ufunguo, na kadi ya kliniki yenye mhuri ilikuwa kwenye mkoba wake. Ufunguo wa pili alikuwa nao Mzee.

Mzee akaupapasa mfuko wa koti.

Ting.

Mama Nywila akainua kichwa. Mtandao wa jengo zima aliuzima kwa mkono wake Alhamisi. Hapakuwa na kompyuta hata moja humu ndani yenye uwezo wa kupokea ujumbe.

Ting. Ting.

"Mzee," shangazi akasema kwa upole, "kabati linaita."

Mkurugenzi akageuka kulitazama kabati. Kisha akatoa ufunguo kwenye mfuko wa koti, akainuka kama mtu mwenye magunia mabegani, akafungua kabati la majalada la nyuma yake. Nyuma ya majalada ya miaka ya nyuma kulikuwa na kompyuta ya mapajani, ile waliyogawiwa wakurugenzi wote miaka mitano iliyopita, utepe wa makao makuu bado haujabanduliwa. Kando yake kilikuwa kimechomekwa kimodemu kidogo cha laini ya simu, cha kununua mwenyewe, taa inawaka kijani. Kioo kilikuwa kimejaa majibu ya watu wenye hasira.

"Unajua kutumia?" Mama Nywila akauliza. 

Mzee akaongea akiutazama ukuta. Alianza mwezi uliopita, watu wakienda chakula cha mchana. Alikuwa akimchungulia Bi Mhazili begani, akijifanya anatafuta kalamu, hata nywila akaidaka, kisha anaingia ndani na kuandika hatua zake. Juma lililopita akaandika barua pepe yake ya kwanza maishani, kwa chuo kimoja, kuuliza kama wana darasa la kompyuta la watu wazima. Siku ya pili yake yakaja majibu ya barua yako. Akafurahi kama mtoto. Akafungua, ukurasa ukatoka mweupe, akadhani amekosea yeye, akalifunga kabati kwa aibu, kompyuta ikiwaka humo kwenye umeme.

"Baada ya siku kumi na tisa," akasema, "nani angenichapia barua?"

Shangazi akashika fremu ya mlango. Miaka yote hiyo, na hilo ndilo neno la kwanza la kumshukuru alilowahi kulisikia kwa mzee huyu, kama lilikuwa shukrani.

Mama Nywila hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anasoma kikaratasi kilichogandishwa kwenye kifuniko cha kompyuta, mwandiko wa Mzee, herufi zimelala. Washa. Subiri. Bonyeza bahasha. Na mstari wa nne: Dirisha likiuliza, bonyeza tu Ruhusu, usiogope.

Aliyajua maneno hayo. Aliyasema yeye. Miaka mitano nyuma, shangazi alimpigia simu kuuliza dirisha la njano ni la nini, naye alikuwa na watu sita mlangoni wanamsubiri, akamjibu hivyo hivyo ili amalizane naye. Shangazi akalishika neno la mwanawe kama amri, akaliandika na kulibandika pembeni ya kioo chake. Mzee akalinakili begani kwa shangazi.

Akakibandua kikaratasi kwa kucha. Kilitoka na rangi.

"Kwa hiyo likizo yangu..." akaanza, na mwenyewe akaona ni swali la kijinga.

"Ombi lako liko kwenye jalada la juma lililopita," Mzee akasema. "Sijalifikia."

Mlango wa nje ukagongwa mara mbili.

*

Mkaguzi alikuwa mama mrefu mwenye mkoba mzito begani, na hakukaa alipokaribishwa. Alisema ana hospitali nyingine mbili za kupitia kabla ya jioni. Alisema hakuja kusikiliza historia. Mzee Karatasi alikuwa ameshalifunga kabati, amesimama mbele yake, mgongo umeziba kitasa.

"Jina, Mkurugenzi. Moja tu."

Mezani kulikuwa na barua mbili za kukiri. Iliyochapwa na ya mkono. Mzee akazitazama. Akamtazama Mama Nywila, akamtazama shangazi, na shangazi akamwitikia kwa kichwa kidogo tu, kama anavyofanya anapomwekea jalada mezani na kumwambia hili ni la kusainiwa.

Mzee akavuta kipande cha karatasi safi. Akaandika. Akakipeperusha wino ukauke, akamkabidhi Mkaguzi bila kumtazama mtu yeyote.

"Bi Mhazili," Mkaguzi akasoma.

"Ahsante, Mzee," shangazi akasema.

Ni mazoea tu. Kwa miaka thelathini na miwili kila karatasi iliyotoka kwenye mkono ule ameipokea kwa neno hilo. Lilimtoka kabla hajalifikiria, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, na machozi yakamshuka juu ya vidole.

Mama Nywila alichoka, msomaji. Alikuwa amechoka mno tangu tumfahamu, lakini uchovu huu ulikuwa mwingine. Ulikuwa uchovu wa kuzungukia milango ya jikoni. Hasira ikampanda taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakusikia usingizi hata kidogo.

Akakiweka kile kikaratasi mezani, juu ya jina la shangazi yake.

"Mwandiko huo ni wa Mkurugenzi," akasema. "Kompyuta yenyewe iko nyuma yake, kabatini, na ndiyo iliyotangulia. Mimi nilifuata. Huyu mama alikuwa wa tatu. Na mstari wa nne, maneno yake ni yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha. Kama unataka jina moja, anza na hilo."

Mzee Karatasi akakaa chini. Kabati nyuma yake, kama lililosubiri nafasi, likaita ting.

Mkaguzi akakichukua kikaratasi. Kilikuwa na mistari minne tu, lakini alikisoma muda mrefu, na alipofika wa nne akaurudia, midomo inacheza bila sauti. Mama Nywila alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa askari wa getini, kwa lolote. Hakuwa amejiandaa kumwona yule mama akiuteremsha mkoba wake begani na kuuweka mezani taratibu, kwa mikono miwili.

"Fundi," Mkaguzi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mtu akibonyeza hicho kitu, halafu akagundua, akaizima kompyuta. Zile barua zinakuwa hazijaondoka, siyo?"

"Inategemea aliizima baada ya muda gani."

"Baada ya kumaliza chai."

Hakuna aliyeuliza ni chai ya nani. Mkaguzi akavuta zipu ya mkoba, na ndani ikaonekana kompyuta nyembamba nyeusi, yenye utepe wa makao makuu.

"Nilimwandikia Mkurugenzi Ijumaa nikimtaka anipe jina," akasema. "Leo asubuhi, kabla sijatoka, nikaona yameingia majibu ya barua yangu." Akaketi kwenye kiti alichokikataa. "Sisi pale tunatunza barua za wagonjwa wa hospitali zote tisa."